Ameitika, Anakuja

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Warda aliijua methali hiyo tangu utotoni, na siku zote alimwona fisi ni mjinga tu, mpaka Novemba ya mwaka wa tisini na nne ilipomkuta Brussels na njia mbili mbele yake, na miguu yake mirefu haijui pa kwenda.

Watu wawili walikuwa wanamtaka, na kila mmoja alimtaka mzima. Wa kwanza alikuwa Monsieur Claessens, mwenyekiti wa klabu ya mpira wa kikapu ya wanawake kule Laeken. Huyu alikuwa Mbelgiji mwenye mashavu mekundu, muuza vigae vya bafu, aliyeipenda timu yake kuliko vigae na, kwa maneno ya mkewe mwenyewe, kuliko mkewe. Wa pili alikuwa tonton Donat, yaani mjomba Donat, mtu wa Bukavu mwenye duka la vitenge na kaseti mtaa wa Matonge, hapo hapo Brussels. Donat hakuwahi kurusha mpira maishani mwake, lakini alimjua kila mtu na kila mtu alimjua, kwa hiyo wakubwa wa timu ya taifa ya wanawake ya Zaire walikuwa wamemwomba awatafutie mabinti wa Kizaire waliotawanyika Ulaya.

Warda alikuwa pivot. Ndivyo wanavyomwita kwa Kifaransa yule mrefu anayesimama chini ya kikapu, akala viwiko vya mbavu, akaiokota mipira iliyokosa na kuirudisha juu. Warushaji wa mbali wamejaa kila mji. Pivot mzuri hutafutwa kwa tochi.

Claessens alikuwa ameshasema lake. Ligi iliruhusu kila timu wachezaji wawili tu wa kigeni, na Warda alikuwa mmoja wao. Alitaka Warda asaini misimu mitatu, kisha klabu imsaidie kuomba uraia wa Ubelgiji, ahesabiwe mwenyeji, na nafasi yake ya ugeni ipate mwingine. Sharti lilikuwa moja: asiiguse jezi ya Zaire. Mchezaji akishaivaa jezi ya taifa katika mashindano makubwa, hata kwa dakika mbili za mwisho, vitabu vya mpira humwandika mtu wa taifa hilo mpaka azeeke. Tena mashindano ya Afrika yalikuwa yanaanza Desemba, katikati kabisa ya ligi.

Donat naye alikuwa na lake. Timu ilimhitaji Warda, na ili acheze ilibidi achukue pasipoti ya Zaire. Hapo ndipo palipouma. Warda na mama yake waliingia Ubelgiji kama wakimbizi, na kijitabu chake cha kusafiria kilisema wazi kwamba kinafaa kwa nchi zote isipokuwa Zaire. Mkimbizi akienda kuomba pasipoti ya nchi aliyoikimbia, wenyeji waliompokea wana haki ya kumuuliza: hivi wewe ulikuwa unakimbia nini?

Hayo ni ya makaratasi. Ya moyoni yalikuwa mengine, na ndiyo yaliyomnyima usingizi. Kwa sababu ukweli ni kwamba Warda alitaka kwenda. Alitaka mpaka akawa anaota. Uvira, alipokuwa mdogo, baba yake, mwalimu Abdallah, alipigilia pete ya chuma kwenye ukuta wa shule, akamfundisha kurusha mpira katika pete isiyo na wavu. Timu ya wanawake ya taifa ikicheza, waliweka redio dirishani, na Abdallah aligombana na mtangazaji kana kwamba mtangazaji anamsikia. "Siku watakapokutangaza wewe," alimwambia binti yake, "huyu jamaa akikosea jina lako, nitapanda boti na ndege nimfuate Kinshasa." Warda alicheka mpaka akapaliwa.

Miaka michache baadaye walimu waligoma. Askari wakaja kumchukua Abdallah, na alirudishwa amefungwa ndani ya blanketi. Tangu siku ile mama yake Warda, Bi Hidaya, hakulitaja tena jina la Zaire. Alisema "kule", basi. Televisheni ikionyesha kule, na mwaka ule ilionyesha kila jioni, wakimbizi wa Rwanda wamefurika Goma mpaka barabarani, Bi Hidaya aliinuka akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Warda akajumlisha mwenyewe. Mama akiiona jezi ile kifuani mwangu, alijiambia, atakufa kwa uchungu. Basi akamficha. Hakumwambia neno, la timu wala la Donat, na kuficha huko ndiko kulikozaa mengine yote. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.

Donat aliahidi kupiga simu Jumapili jioni achukue jibu. Warda alikwisha kuamua kusema hapana. Aliifanyia mazoezi ile hapana kwa siku kadhaa, bafuni, kwa sauti ya upole, kwa sauti ya ukali, na kila mara ilitoka imepinda.

Jumapili ile simu ikalia, Warda angali bafuni na povu kichwani.

Walikaa ghorofa ya nne kule Ganshoren, karibu na nyumba ya wazee ambako Bi Hidaya aliwaogesha na kuwalisha vikongwe wa Kibelgiji. Alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka kazini, koti bado mwilini. Akaipokea simu pale koridoni.

"Maman Hidaya? Bonsoir, maman. Ni Donat wa Matonge. Pole na kazi."

"Nishapoa, baba. Hujambo?"

"Ça va, ça va. Mutoto iko? Niko namungojea, maman. Bantu ya kule nabo banangojea."

Bi Hidaya alikuwa mtu wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanganyika. Aliolewa Uvira akakaa huko miaka, lakini Kiswahili chake alikihifadhi kama sahani za arusi, na Kiswahili cha watu wa Kivu alikisikiliza nusu nusu, akachukua alichokihitaji na kingine akakiacha kipite. Hapa alichukua "mutoto iko". Akaziba kinywa cha simu kwa kiganja, kama wafanyavyo manesi kazini kwake, akaita, "Warda! Warda we!"

"Abee, mama!" Warda alijibu kutoka bafuni. Hata kama angekuwa anazama mtoni angejibu abee. Ndivyo alivyolelewa. Kwa Bi Hidaya, mtoto kuitwa akanyamaza ni ujeuri usio na dawa.

Donat, kule Matonge, hakusikia lolote. Alisikia kimya tu, akadhani mama na binti wanashauriana. Akasubiri, jasho linamtoka. Mama alipoondoa kiganja, hakuweza kujizuia.

"Alors, maman? Mutoto ameitika?"

"Ameitika, baba. Anakuja."

"Ameitika? Vraiment?"

"Si nimekwambia? Mwanangu huyu hajapata kuitwa akanyamaza."

Kule Matonge sauti ya Donat ikapanda. "Maman, Mungu akubariki. Merci mingi, merci mingi. Inchi yote itakushukuru." Na simu ikakatika.

Warda alitoka na taulo kichwani, akamkuta mama yake ameshika mkono wa simu anautazama.

"Nani huyo?"

"Donat, yule wa vitenge. Kauliza kama umeitika, nikamwambia umeitika, unakuja. Kashukuru utadhani nimempa ng'ombe, akakata. Hawa watu wa kule! Ana shida gani na wewe?"

Warda alihisi maji ya nywele yakimtiririkia mgongoni. "Kuna vitenge vipya," alisema.

Wewe msomaji huenda umekwisha kuelewa, na kama wewe ni mtu wa Kivu umecheka. Kwa watu wa Ujiji, na pwani pia, kuitika ni kujibu ukiitwa. Kwa watu wa Uvira na Bukavu, kuitika ni kukubali. Bibi arusi akisimama mbele ya pasta anaulizwa kama anaitika, na hapo asijaribu kusema abee. Warda alizijua zote mbili, ya mama na ya baba, kwa hiyo alikuwa mtu pekee Ubelgiji nzima aliyeona palepale kilichotokea. Akapiga simu ya Donat. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Ilitumika mpaka wakalala.

Kesho yake alishuka kwenye metro Porte de Namur na hotuba yake tayari. Hakufika nayo mbali. Mlangoni mwa saluni ya maman Euphrasie, mwanamke mmoja aliyesukwa nusu kichwa alimwona, akapiga kelele, na wenzake wakatoka na vitana mikononi. "Pivot yetu! Pivot yetu ule!" Vigelegele vikapasuka katika galeri ile nyembamba ya maduka mpaka wauza samaki wakavu wakachungulia. Euphrasie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alimkumbatia kiunoni maana juu zaidi hakufika. "Mutoto wa Uvira! Utatupigia bale ba-Sénégalaise, sivyo?"

Warda alitabasamu. Angefanya nini? Alikuwa mkimbizi mjini mle tangu alipomaliza utoto, na hapakuwa na siku hata moja ambayo watu walitoka milangoni kwa ajili yake.

Donat alikuwa nyuma ya marobota ya vitenge, tai shingoni siku ya kazi.

"Tonton, kuna kosa," Warda alisema kabla hajakaa. "Mama hakusema nimekubali."

"Alisema ameitika."

"Aliniita, mimi nikasema abee. Kwao Ujiji njo kuitika vile."

"Ngoja, ngoja. Mi nauliza, 'Ameitika?' Yeye anasema, 'Ameitika, anakuja.' Unakuja wapi, alors?"

"Kwenye simu, tonton! Nilikuwa kwa douche!"

Donat alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kitenge cha kuuza. Halafu kicheko kikamwisha polepole, akabaki na uso wa mtu mzima aliyechoka.

"Donc haukuitika."

Hapo ndipo mahali pa ile hapana. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, imeoshwa na kunyooshwa. Nje, wanawake wa saluni walikuwa wameanza kuimba kitu, na katika wimbo huo jina lake lilikuwemo.

"Bado," Warda alisema.

"Bado si apana," alisema Donat, na nuru ikamrudia. "Sikiliza, ma fille. Kinshasa banajua. Ule Antoinette wa Liège, njo alikuwa kwa nafasi yako, nilimuambia abakie. Alilia kwa téléphone, mutoto wa bantu. Ndege ni samedi, Jumamosi hii. Makaratasi tutazitafuta, bantu ba kutusaidia bako. Wewe uongee na maman, basi."

"Mama usimpigie tena, tonton. Nakuomba."

"Kumupigia? Apana." Donat aliinua mikono miwili. "Siwezi tena kumupigia."

Alisema kweli. Hakumpigia.

Habari za Matonge hupanda metro kama abiria wengine, na jioni ya Jumanne zilishafika Laeken. Claessens alimwita Warda ofisini kabla ya mazoezi, chumba kidogo pembeni mwa uwanja, kinachonuka dawa ya kuchulia misuli. Hakumpigia kelele. Warda alikuwa amejiandaa kwa kelele, na upole wa mzee yule ulimkuta hana la kujikinga.

"Nimesikia unaondoka," alisema kwa Kifaransa.

"Ni maneno ya watu, Monsieur. Kuna neno moja lilieleweka vibaya."

"Neno gani?"

Warda alijaribu kumweleza. Hebu mweleze Mbelgiji muuza vigae tofauti ya kuitika na kuitika! Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Kuna msichana wa Lithuania," alisema. "Mrefu kuliko wewe, ila hana mikono yako. Anangoja simu yangu. Kesho nikifunga ofisi hii, mmoja wenu atakuwa amesaini. Ukienda Afrika sitakuchukia, Warda. Nitakuja hata uwanja wa ndege kama utapenda. Lakini ukirudi nafasi haitakuwepo, na bila klabu sijui hilo ombi lako la uraia nani atalisukuma."

Usiku ule Warda alimtazama mama yake akila. Bi Hidaya alikuwa anasimulia habari ya bibi mmoja pale kazini, ana miaka tisini, kila asubuhi anaulizia farasi wake. Alicheka mwenyewe. Akageuza uso kwenye televisheni, habari zikaanza, na ilipotokea barabara ya Goma na mahema yake ya buluu, akaweka kijiko chini na kwenda jikoni. Warda alisikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Hapana, alijiambia. Simfanyii hivi mama yangu. Na alihisi amekuwa mtu mwema, hata machozi yakamlenga, maana wema unaotuumiza hutupendeza sana sisi wenyewe.

Jumatano jioni, kabla ofisi haijafungwa, alisaini. Kalamu ilikuwa ya Claessens, nzito, na mzee alimpa mkono kwa mikono miwili, kisha akanyanyua simu kumwambia yule msichana wa Lithuania atafute timu nyingine. Warda alitoka nje mvua ikinyesha ile ya Brussels isiyoanza wala kwisha. Atamwambia Donat kesho, aliamua, kwa simu. Uso kwa uso hataweza. Mkataba ulikuwa ndani ya mkoba wake umekunjwa mara mbili, na ndani ya basi aliubana mkoba ule kwapani kama mwizi.

Alipofungua mlango wa nyumba aliona viatu. Jozi mbili za kiume zilizopigwa rangi na moja ya kike yenye kisigino, zimepangwa ukutani. Akanusa chai ya tangawizi na vitumbua. Vitumbua mama yake hupika Idi tu.

Sebuleni, juu ya kochi, alikaa Donat na suti. Karibu naye Euphrasie, kilemba kimesimama. Na kwenye kiti cha peke yake, papa Anaclet, mzee wa watu wa Uvira mjini Brussels, aliyewahi kufundisha shule moja na Abdallah. Mezani, juu ya sinia iliyotandikwa kitambaa cheupe, ilikunjwa jezi ya kijani yenye namba kumi na tano ya manjano. Bi Hidaya alikuwa amevaa doti yake nzuri, amekaa wima, na kiganja chake kilikuwa juu ya jezi.

"Njo huyu," alisema Donat, akasimama. "Ma fille, nilikuambia siwezi kumupigia maman. Muntu akitoa mutoto wake kwa inchi, hashukuriwi kwa téléphone. Anashukuriwa kwa nyumba yake."

Ndiyo desturi. Warda angeijua kama angefikiri, lakini tangu Jumatatu hakuwa amefikiri jingine ila kukimbia.

"Kaa, mwanangu," alisema mama yake. "Baba Anaclet alikuwa anasema."

Mzee alikuwa ameanza, na sasa aliendelea, akitazama zulia. "Nasema vile, maman. Walipomurudisha Abdallah, sisi barafiki yake tulifunga milango. Nilikuona kwa dirisha, ukipita na ile jeneza, na bantu wane tu. Niliogopa. Kila muntu aliogopa, lakini mimi nasema yangu. Sikukuja kumuzika. Miaka yote iko hapa," akagusa koo. "Leo mutoto wake anaenda kuchezea inchi, nikasema, Anaclet, kama haukuenda kwa huzuni, uende kwa furaha, na uombe pardon."

Hakuna aliyegusa chai. Euphrasie akaanza kujipangusa macho.

"Baba Anaclet," alisema Bi Hidaya, "siku ile, nikirudi makaburini, niliapa. Nilisema jina la nchi ile halitatoka kinywani mwangu mpaka mtu wake mmoja aje mlangoni kwangu kwa miguu yake, aseme pole. Nikasema nitangoja. Nimengoja mpaka nimesahau kama nangoja." Alivuta pumzi. "Mmekuja. Mmevua viatu. Basi nimesamehe, na Mungu shahidi. Mwanangu ataenda kuichezea Zaire."

Alilitamka jina kwa uangalifu, silabi moja moja, kama mgonjwa anayejaribu mguu uliotoka kwenye plasta. Kisha akamgeukia Warda na uso ambao binti yake hakuuona tangu Uvira.

"Mbona ulinificha jambo zuri namna hii?"

Warda alikuwa bado amesimama, mkoba kwapani. Angeweza kunyamaza. Angeweza kukaa, kunywa chai, kupiga picha na ile jezi, na aibu ingengoja mpaka Jumamosi uwanja wa ndege. Lakini mbele ya uso ule hakuweza kuongeza uongo hata mmoja.

"Nimesaini na klabu," alisema.

"Lini?" aliuliza Donat.

"Leo. Ndio natoka huko. Siendi, tonton. Walishamwachia yule aliyengoja nafasi yangu, hakuna kurudi."

Donat akakaa tena. Alionekana mdogo ndani ya suti. Euphrasie ndiye aliyepata sauti kwanza, na sauti ilikuwa kali. "Bantu wote walisikia ulisema unaitika! Tulikuimbia! Sasa wewe ni muntu wa namna gani?"

"Usimlaumu mtoto, mama," alisema Bi Hidaya. Alikuwa amekwisha kuinua mkono, amekumbuka simu ya Jumapili. "Aliyesema ameitika ni mimi. Donat aliniuliza, nami nikajibu kwa Kiswahili changu cha Ujiji. Warda hakuwaahidi kitu. Kosa ni la ulimi wangu, na ninawaomba radhi, wewe, na Donat, na baba Anaclet aliyepanda ngazi zote hizi kwa goti bovu." Akajaribu kucheka. "Hata nyumbani mume wangu alinionya. Alisema Kiswahili chako hiki, Hidaya, kitatugombanisha na watu."

Hakuna aliyecheka naye. Akaichukua jezi, akaikunja upya, pembe kwa pembe, akaiweka mikononi mwa Donat kwa mikono yake miwili kama inavyorudishwa mahari. "Mpelekeeni yule wa Liège. Leo hii hii, asilale na huzuni."

Aliwasindikiza mpaka kwenye lifti. Warda alisikia papa Anaclet akisema jambo la chini, na mama yake akijibu, "Umekuja, baba, hilo halifutiki." Mlango wa lifti ukafunga. Bi Hidaya akarudi, akaanza kukusanya vikombe vilivyojaa.

"Mama," Warda alisema. "Nilikataa kwa ajili yako."

Bi Hidaya akasimama na sinia.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa sababu ya baba. Hutaki hata kulisikia jina. Nilijua ukiniona na jezi ile utaumia. Utakufa, nilisema."

"Baba yako aliuawa na watu, Warda. Nawajua kwa majina, mmoja alikuwa jirani yetu, alikopa chumvi kwangu. Nchi ni ile aliyokuwa anaifundisha kusoma." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Warda angeona afadhali. "Umeishi na mimi siku zote hizi, tunakula sahani moja. Uliniuliza lini?"

Warda aliuweka mkoba wenye mkataba mezani, mahali ilipokuwa jezi.

"Ungeniuliza," alisema mama yake, "ningeipiga pasi ile jezi kwa mkono wangu."

Akaenda jikoni kumwaga chai ya wageni.